Mizani ya Alhamisi

Shuleni walinifundisha mizani kwa vidole:
nane kwa nane, kina cha kati, kina cha mwisho.
Sikufaulu. Silabi zangu zilizidi au zilipunguka,
na mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu: guni.

Sasa nina mizani nyingine.
Inaning'inia kwenye boriti ya kibaraza cha zahanati,
kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo,
ya chuma, uso wa saa, mshale mmoja,
na chini yake kaptura ya turubai, matundu mawili ya miguu.
Kila Alhamisi naandika anachosema mshale.

Alhamisi ile ilikuwa ya tatu tangu panga la porini.
Habari ya kuni mnaijua.
Wenyeji wanasema msitu umekwisha,
wakimbizi wanasema ugali haupikwi kwa jua.
Gwimo alirudi na vidole vitatu mkono wa kushoto.
Usiku uleule vibanda viwili vya kambini viliungua,
na hema la kliniki,
na mizani yao.

Ukaitwa mkutano. Viti vya plastiki, soda,
hotuba ya ujirani mwema. Tulipiga makofi.
Viti vilirudishwa.
Mapanga hayakurudishwa.

Ikabaki mizani moja,
na Sista Skolastika Bitama akasema neno fupi:
"Waje huku. Uzito wa mtoto hausubiri kikao."

Wakaja, wakakaa benchi la kushoto.
Wa kwetu la kulia.
Katikati uwazi wa mtu mmoja;
hata kuku aliupita mbiombio.

Niliita kwa foleni, si kwa benchi.
Edita, mke wa Gwimo. Mtoto: nane na robo.
Akaning'inia, akacheka, akakojoa.
Kaptura ikachuruzika hadi kwenye viatu vyangu.
Anayefuata: Konsesa Nahayo, wa kambini.
Kimoja cha vile vibanda viwili kilikuwa chake.

Kaptura ni hiyohiyo.
Mabenchi yote mawili yaliacha kupumua.
Konsesa akaishika, akaikamua,
akaifuta kwa ncha ya kitenge,
akamtumbukiza wake ndani ya unyevu ule.

Edita akasema kwa Kiha, chinichini:
"Nisamehe. Alikunywa uji mwingi."
Kiha na Kirundi ni vyumba viwili, ukuta mmoja;
ukikohoa huku, unapewa pole kule.
Konsesa akajibu:
"Heri yeye anayeupata."

Mshale ukasimama: sita kasoro.
Utepe wa mkono ukasoma nyekundu.
Nikaandika jina, umri, kilo.
Penye safu ya utaifa, nikaruka.
Mkaguzi akiuliza nitamwambia
mshale haukusema.

Sitawadanganya. Jioni ile bado tulisikia jiwe la kunolea.
Jumamosi baiskeli ya mkimbizi ilitoswa Malagarasi,
na magunia mawili ya mkaa juu yake.
Sista hakuhubiri. Alibadilisha bandeji ya Gwimo,
akahesabu chanjo zilizobaki kwenye jokofu,
akafunga mlango, akaenda kuchota maji.

Ila Alhamisi iliyofuata Edita alifika kabla ya funguo,
na kopo la karanga zilizotwangwa,
mfuniko umefungwa kwa kipande cha kanga.
Akalipitia kwa macho benchi la kushoto, mara mbili,
kisha akaja mezani. Hakutaja jina; nadhani hakulijua.

"Yule wa sita kasoro," akasema,
"mbona hajafika?"

Saa nne. Saa tano.
Kopo liko juu ya daftari langu.
Mtoto wake nimeshampima, nane na nusu,
angeweza kuondoka.
Amekaa katikati, pale kuku alipopita mbiombio,
anatazama barabara.